Jina la Nchi Mdomoni mwa Mgeni

Pale Namanga maofisa wa uhamiaji wa nchi mbili hukaa ndani ya jengo moja tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa mwaka 2018. Dirisha la Kenya liko hapa, la Tanzania hatua chache mbele. Ukisimama katikati na wageni wako, kadi za homa ya manjano mkononi, utasikia majina ya nchi zote mbili yakipita kwenye midomo ya dunia nzima. Kijana wa Sydney anaulizwa anaelekea wapi, anajibu "Tan-ZEI-nia". Mama wa Madrid anasema "Tan-THA-nia", ncha ya ulimi katikati ya meno. Mzee wa Lyon anamalizia na "Tanzanie" na kuimeza ile "a" ya mwisho. Afisa hababaiki. Anatazama pasi, anagonga muhuri, anaita anayefuata.

Mimi ni dereva na muongoza watalii. Nawapokea wageni mpakani au uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), nawapeleka Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, halafu nawarudisha. Nimeianza kazi hii nikiwa kijana, na leo madereva wadogo wananiita mzee. Barabara ya kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, ni ndefu, na mgeni akishaona simu haina mtandao huanza kuuliza maswali. Swali la jina la nchi huja mara nyingi kuliko mtu angedhani, na mara nyingi huja kwa aibu kidogo: "Nimekuwa nikilitamka vibaya, sivyo?"

Wenzangu wengi wanaiona hiyo "zei" kuwa ni dharau. Mimi sioni hivyo. Kiingereza kina ukoo mzima wa majina yenye mkia wa namna hiyo: Romania, Lithuania, Pennsylvania, na kile kisiwa cha Australia, Tasmania. Yote hutamkwa kwa "ei". Mtu akiona neno Tanzania limeandikwa kabla hajalisikia, ulimi wake unapita njia uliyoizoea. Isitoshe, vijana wetu wenyewe wa sekondari wakigeuzia Kiingereza utawasikia wakipiga "Tan-ZEI-nia" bila wasiwasi, na wakirudi kwenye Kiswahili jina linakaa tena mahali pake. Wajerumani wao huandika "Tansania" kwa "s", kwa sababu "z" kwao husomwa "ts". Wakiiacha "z" yetu ilivyo watatamka kitu kingine kabisa. Huo nauita uungwana wa tahajia. Kiburi nitakiona kwa mtu aliyeambiwa, akaelewa, akaendelea vilevile.

Kanuni yetu ni nyepesi mno. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, ba-RA-za, mwa-LI-mu. Tanzania inafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo uzito unaangukia "ni": Tan-za-NI-a. Ukisema Mtanzania au Watanzania, uzito haujahama. Mwanafunzi wa sarufi atakueleza zaidi, lakini mgeni aliye kwenye kiti cha mbele na vumbi la Makuyuni machoni hahitaji zaidi ya hapo.

Kumsahihisha mtu mzima ni kazi ya adabu. Simsahihishi mgeni siku ya kwanza, na simsahihishi kamwe mbele ya mkewe au mumewe, maana hapo utakuwa umewapa kitu cha kutaniana safari nzima. Ninachofanya ni kulitaja jina mimi mwenyewe, taratibu, mara nyingi kuliko inavyohitajika. Hapa ndipo Tanzania inapoanza. Hii ndiyo noti ya shilingi elfu kumi ya Tanzania. Kwetu Tanzania tunaendesha kushoto. Wenye masikio huanza kugeuka kabla hatujafika Longido. Wasiogeuka nawangoja waulize, na wakiuliza nawaambia walitaje jina Maria, kwa sababu karibu kila Mzungu analijua na analitamka kama sisi, uzito kwenye "ri". Halafu nawaambia: toa "Mari", weka "Tanzani". Tanzani-a, Mari-a. Watoto hulipata mara moja. Wazazi huhitaji kurudia hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iwe imejificha kwenye mawingu.

Akishalipata jina mdomoni, mgeni hutaka kujua limetoka wapi, na hapo ndipo safari inaponoga.

Jibu fupi kila mtoto wa shule ya msingi analijua: Tanganyika na Zanzibar. Tarehe 22 Aprili 1964 Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini hati za muungano kule Unguja, na tarehe 26 Aprili muungano ukaanza. Ile picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa pande mbili imetundikwa kwenye ofisi nyingi kiasi kwamba tumeacha kuitazama. Jambo ambalo hata Watanzania wengi hulipita haraka ni kwamba nchi hiyo haikuanza na jina hili. Kwa miezi sita iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu la kuandika kwenye bahasha. Tarehe 29 Oktoba 1964 ndipo ilipoitwa rasmi Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Siku tano kabla, jirani yetu wa kusini magharibi alikuwa amepata uhuru na kuliacha jina la Rhodesia ya Kaskazini, akawa Zambia. Mwezi ule kusini mwa Jangwa la Sahara ulikuwa mwezi wa majina.

Nani hasa alilitunga? Wananchi waliombwa kupendekeza, na mtu anayetajwa zaidi ni Mohammed Iqbal Dar, mzaliwa wa Tanga ambaye baadaye alihamia Birmingham, Uingereza. Ameeleza katika mahojiano na vyombo vya habari kwamba alichukua herufi tatu za mwanzo za Tanganyika, tatu za Zanzibar, akaongeza "i" ya jina lake Iqbal na "a" ya Ahmadiyya, jumuiya yake ya kidini. Wapo wanaolikataa dai hilo na kusema "-ia" ni mkia wa kawaida tu wa majina ya nchi, uitazame hiyo Zambia. Wapo pia wanaoivuta Azania, jina ambalo Wagiriki wa kale waliliandika kwa pwani yetu hii. Mimi naisimulia ya Iqbal Dar kama yeye alivyoisimulia, na nasema wazi kwamba ni maelezo yake. Wageni huipenda kuliko zote. Wanafurahi kusikia kwamba jina la nchi nzima huenda limebeba herufi ya kwanza ya jina la kijana wa shule, na siwalaumu.

Kuna kitu kimoja nilichojifunza kwenye kiti hiki cha dereva kuhusu asili ya majina: hadithi iliyonyooka sana hupendwa kuliko iliyo kweli. Muongozaji akisema kila jina limetokana na maneno mawili ya Kiswahili yaliyoshikana mikono, anapata makofi. Chukua Tanganyika. Utaambiwa ni "tanga" na "nyika", tanga la jahazi na mbuga kavu, na sura ya jambo inapendeza kweli. Lakini jina lilikuwa la ziwa kabla ya kuwa la nchi, na ziwa halikungoja watu wa jahazi wa pwani walipe jina. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji na mwenzake Speke mwezi Februari 1858, aliandika kwamba jina linatokana na kitenzi chenye maana ya kukutana, kukutana kwa maji, ambacho kwa Kiswahili cha Unguja ni "kuchanganyika". Msafiri mwingine, Stanley, alikuja baadaye na maelezo yake mengine. Mimi nikiwa na mgeni mwenye subira namweleza yote, namwacha achague. Kama Burton alikuwa sahihi, basi Mwalimu alipomimina ule udongo kwenye chombo kimoja alikuwa akilitekeleza jina la nchi aliyokuwa akiizika.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha jinsi jina la ziwa lilivyopandishwa cheo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walijikuta na koloni ambalo Wajerumani waliliita Deutsch-Ostafrika, na halikuwa na jina ambalo Mwingereza angeweza kulitumia bila kumkumbuka adui. Yakapendekezwa majina: Smutsland, kwa heshima ya jenerali wa Afrika Kusini aliyeongoza vita huku, Windsorland, New Maryland, Victoria. Waziri wa Makoloni akataka jina la kienyeji lenye uhusiano na nchi yenyewe. Kilimanjaro ikafikiriwa, Tabora ikafikiriwa, zote zikaachwa. Mwaka 1920 ikawa Tanganyika.

Nawaambia wageni: hebu fikirieni mmeniuliza natoka wapi, nami najibu mimi ni Msmutsland. Gari zima linacheka. Mimi huwa nacheka kidogo kuliko wao, kwa sababu ilibaki ofisi moja ya London na kalamu moja tu hilo liwe kweli.

Zanzibar nayo ina mambo yake. Hilo ni jina tulilopewa na watu wa baharini: Waajemi walisema "zang", watu weusi, na "bar", pwani. Waarabu waliwaita watu wa pwani hii Zanj, na mwandishi wao al-Masudi aliandika habari zao katika karne ya 10. Wenyewe kisiwa chao kikubwa wanakiita Unguja. Mgeni anaposema "I'm going to Zanzibar" anamaanisha Unguja, Mji Mkongwe na ufukwe wa Nungwi, na Mpemba akimsikia hukunja uso, maana Pemba nayo ni Zanzibar. Nina rafiki wa Chake Chake anayeuza karafuu na viungo hapa Arusha, sokoni Kilombero. Kila akisikia muongozaji anasema "from Zanzibar to Pemba", humuuliza kwa sauti ya upole yenye kisu ndani: "Kwani ndugu yangu, Pemba iko Somalia?" Basi nikiwaelekeza wageni wangu kwenye ndege ndogo za visiwani, nawaambia: uwanjani mtasoma Zanzibar, lakini mkimwambia dereva wa teksi kwamba mnafurahi kufika Unguja, mtaona uso wake.

Kenya sitaki kuwasemea Wakenya, wana midomo yao. Ila nilichokiona siku moja pale mpakani nitakisema.

Nilimpokea bibi mmoja wa Kiingereza, mzaliwa wa Nakuru wa enzi za walowezi, akisafiri na mjukuu wake wa kiume. Dereva Mkenya aliyewaleta alikuwa anawashusha mizigo. Bibi akamshukuru, akasema alifurahi mno kuiona tena "Kiinya". Alivuta ile "ii" kama alivyofunzwa utotoni. Dereva hakusema neno, lakini niliona taya lake likikaza, akaliweka begi chini kwa nguvu iliyozidi kidogo. Mjukuu akaona. "It's Kenya, Granny," akasema, mbele ya sote. Bibi akanyamaza. Tulipokuwa tumeshapita Longido ndipo akasema, bila kugeuka, kwamba baba yake alisema hivyo, redio ilisema hivyo, na mwalimu wake alimchapa mtoto aliyesema vingine. Halafu akaongeza: "Nchi niliyozaliwa haipo tena, na labda ndiyo sababu jina lake nalo halipo."

Maneno hayo yamenikaa. Mzee wa miaka themanini hatupi ulimi wake kwa siku moja. Lakini namwelewa zaidi yule dereva. Kwa Mkenya, "Kiinya" ni sauti ya bwana shamba. Ni sauti iliyosoma amri ya kipande, kile kitambulisho cha shingoni. Ilipofika tarehe 12 Desemba 1963, "Ke" fupi ilipanda jukwaani pamoja na bendera, na ilisaidia kwamba aliyeshika bendera hiyo aliitwa Kenyatta. Watu hudhani alijipa jina la nchi. Sivyo: Kenyatta linatokana na mkanda wa shanga aliokuwa akiuvaa, nayo nchi jina lake ni la mlima. Yalikutana tu, na yalipokutana hapakuwa na mtu wa kuyaachanisha.

Na mlima wenyewe jina lake lilipita njia ya ajabu. Mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alifika Ukambani mwaka 1849 akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Akiwa Kitui, tarehe 3 Desemba, aliiona theluji kwa mbali. Wakikuyu wanaoishi chini ya mlima huo wanauita Kirinyaga. Lakini Krapf alikuwa kwa Wakamba, na Wakamba wana namna yao ya kulitamka, fupi zaidi, isiyo na "r" wala "g". Akaandika alichokisikia: Kenia, na mahali pengine Kegnia. Sikio la Mjerumani, mdomo wa Mkamba, mlima wa jirani. Mwaka 1920, mwaka uleule tuliopewa Tanganyika, koloni lote likaitwa Kenya kwa ajili ya mlima huo. Kama Krapf angepitia Murang'a badala ya Kitui, huenda leo ningekuwa navuka mpaka kuingia Kirinyaga.

Mgeni aliyenibana vizuri kuliko wote alikuwa Mjerumani, mwalimu mstaafu wa jiografia. Alinisikiliza kuanzia Arusha hadi Mto wa Mbu. Kisha akauliza: "Mbona ninyi mnasema Ujerumani? Sisi hatujawahi kujiita hivyo hata siku moja. Sisi ni Deutschland."

Swali la haki. Nilimjibu kwamba babu zangu waliwaita Wadachi, na ukisikiliza vizuri utaisikia Deutsch ndani yake. Wakati wa utawala wao, jina walilolisikia kutoka kwao wenyewe ndilo lililotumika. Waingereza walipokuja na "German" yao, nasi tukageuka, ikawa Wajerumani. Alicheka hadi akavua miwani. Lakini hakuridhika, na alikuwa na sababu, maana Kiswahili kimejaa majina ya namna hiyo. Ureno hutajwa kuwa limetokana na "reino", ufalme, neno walilolitumia Wareno wenyewe kuhusu kwao. Uingereza tumeipata kwa njia ya Wareno na Waarabu. Misri ni ya Kiarabu moja kwa moja. Na Marekani je? Hilo lilikuja na nguo. Sultani Said aliweka mkataba na Wamarekani mwaka 1833, konsuli wao akafika Unguja mwaka 1837, na marobota ya kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts yakaanza kuingia bara kwa misafara. Kitambaa hicho kiliitwa "merikani", na huko Unyanyembe, upande wa Tabora, na Ujiji kilitumika kama fedha. Watu wengi wa bara waliijua merikani kiunoni mwao kabla hawajamwona Mmarekani hata mmoja.

Nilivyomjibu yule mwalimu ndivyo ninavyoamini mpaka leo. Yapo majina yaliyosafiri muda mrefu, yakapita bandari nyingi, na kila bandari ikaweka chapa yake. Hayo kila lugha ina yake na hakuna wa kumdai mwenzake. Sitaki Mwingereza aseme Unguja anapozungumza Kiingereza, wala yeye asitake niseme England ninapozungumza Kiswahili. Lakini Tanzania halikusafiri popote. Lilitengenezwa hapa, mwaka 1964, na watu wenye simu na redio, likaandikwa kwa herufi ambazo Mwingereza anazisoma vizuri tu. Halina umri wa kudai kwamba limechakaa njiani. Vipande vyake ni vya zamani, kimoja cha ziwa na kingine cha Waajemi, lakini jina zima ni letu, na lina umri mdogo kuliko baadhi ya watu ninaowaendesha. Anayelitamka vibaya hana babu wa kumsingizia.

"Basi nami niite Mdachi," akasema mwalimu. Nikamwita hivyo hadi siku ya kuondoka.

Kuna majirani wengine ambao kisa chao hukifupisha nikiwapeleka Serengeti wageni wanaotoka Uganda. Waganda wenyewe, watu wa ufalme wa Kabaka, husema Buganda, nchi ya Baganda, lugha Luganda. Ile "U" ya mwanzo ni yetu, ya wafanyabiashara Waswahili waliofika kwa Kabaka na misafara, wakaipachika kama walivyoipachika Unyamwezi na Ugogo. Waingereza wakaichukua ilivyo na kuisambaza hadi kwa Wanyoro na Waacholi ambao hawakuwahi kuwa Baganda. Kwa hiyo tukiwalaumu Wazungu kwa kuharibu majina, tukumbuke kuna nchi nzima ya jirani inayobeba kiambishi chetu. Kuna na Zaire: Mobutu mwaka 1971 alitaka jina halisi la Kiafrika, akachagua neno ambalo Wareno walilipata kwa kulisikia vibaya neno la Kikongo la mto. Likadumu hadi 1997. Madereva wa malori wa Rwanda ninaokula nao chipsi mayai mizani ya Makuyuni wananicheka ninaposema "Rwanda" laini laini. Wao kuna "g" inayosikika hapo katikati, kama "Rgwanda", na mimi ulimi wangu hauna ujuzi huo. Najaribu hata hivyo. Wanafurahi kwamba najaribu.

Sasa niseme la kijana ninayefanya naye kazi. Ni Mchaga wa Marangu, anapandisha watu mlimani, mcheshi, Kiingereza chake kimepita changu mbali. Tatizo langu naye lilikuwa kwamba akiwa na Waingereza anasema "Tan-ZEI-nia", na akiwa na Wafaransa anasema "Tanzanie". Nikamuuliza kulikoni.

"Mzee, mgeni ni mfalme," akasema. "Nikimfuata anajisikia nyumbani, na bahasha ya mwisho inakuwa nene."

Nikamwambia mgeni hakulipa nauli ya ndege ili ajisikie nyumbani. Tukabishana kuanzia Moshi mjini hadi Himo, yeye akiendesha. Kisha akanigeuzia kibao.

"Haya, mzee. Wewe unayetaka majina yatamkwe na wenyewe, kile kilele chenye theluji unakiitaje kwa wageni?"

"Kibo."

"Bibi yangu anakiita Kipoo. Na kile chenye meno si Mawenzi, ni Kimawenze. Tena mlima mzima bibi hana jina lake. Hilo Kilimanjaro la kwenye chupa za bia mmemletea ninyi."

Tulikuwa tumefika kwenye kona ya Marangu, migomba pande zote, na mvua imeanza. Sikubishana naye, kwa sababu alikuwa na haki. Tulikubaliana biashara: yeye ataacha "zei" mbele ya wageni wangu, nami nitasema Kipoo kila mawingu yakifunguka. Kwanza ilibidi anifundishe, maana ile "oo" ya mwisho ina mteremko wa sauti ambao sisi wa upande wa Meru hatuna. Alinirudisha mara nyingi, bila huruma, kama mwalimu wa chekechea, na wapagazi waliokuwa nyuma ya gari wakawa wanapiga kura kama nimepata au bado. Mpaka tunashuka getini walikuwa wamegawanyika.